Sista Aliyepunguza Dawa za Mama

Kaka yangu mkubwa anaamini mpaka leo kwamba Sista alimuua mama yetu. Siku hizi hasemi kwa sauti, maana ni mzee wa kanisa, lakini tukikutana kwenye harusi au matanga na mtu akamtaja yule mwanamke, yeye hugeuza uso na kuanza kuuliza habari za mvua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi na mama pale karibu na Gakindu, na mimi ndiye niliyempeleka kwa Sista kwa mikono yangu. Kwa hiyo kama kuna kesi, mshtakiwa wa pili niko hapa. Nataka kusimulia habari za Sista jinsi nilivyomjua, na nitajaribu kusema ukweli hata pale unaponiuma.

Alikuwa muuguzi wa zahanati yetu katika miaka ya sabini na sehemu ya themanini. Alizaliwa wapi sijui, na hakuwa mtu wa kuulizwa. Alikuwa mfupi, mwenye miguu mipana, na viatu vyake vyeupe alivipaka chaki niliyokuwa nikimletea kutoka shuleni nilikofundisha. Chaki hiyo ilikuwa mali ya serikali, na sisi wawili tulinyamaza. Kifuani alining'iniza saa iliyotazama chini, akawa anaisoma kwa kuinamisha kidevu kana kwamba amemkasirikia mtu aliye miguuni pake.

Mama wenye watoto wachanga walimwogopa. "Wewe, hiyo mtoto unabeba kama mzigo ya kuni?" angesema mbele ya benchi zima, na msichana wa watu angetamani ardhi ipasuke. Lakini akiingia bibi kizee mwenye fimbo, Sista yule yule alibadilika. Alipiga magoti kwenye simenti, akamvua viatu mwenyewe, akabonyeza mguu kwa kidole gumba aone kama kishimo kinabaki. "Cucu, bibi yangu, habari ya mguu?" Alisalimu mguu kwanza, mwenye mguu baadaye.

Wazee ndio waliokuwa kazi yake. Wengine waliona uzee ni ugonjwa usio na dawa. Yeye aliona shida ya wazee wetu ni kwamba dawa wanazo nyingi mno. Wakati ule watoto wetu walikuwa wameanza kupata kazi mijini, na mtoto mwenye kazi alionyesha mapenzi kwa kumpeleka mzazi kwa daktari. Mtoto wa Nyeri alimpeleka kwa daktari wa Nyeri, wa Nanyuki akampeleka kwa wa Nanyuki, na kila daktari aliandika za kwake bila kujua za mwenzake. Mzee alirudi nyumbani na bahasha, akazimimina zote kwenye mkebe mmoja wa kakao, juu ya rafu, karibu na moshi. Akiumwa anatia mkono na kutoa inayofanana na ile ya jana.

Sista alijikaribisha chai nyumbani kwa watu ili auone mkebe huo. Siku moja nilimsindikiza kwa jirani yetu, bibi mmoja mjane, akamwaga mkebe kwenye ungo na kuanza mahojiano.

"Cucu, hii nyeupe ni ya nini?"

"Hiyo ni ya kichwa."

"Na hii nyeupe ingine?"

"Hiyo ni ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Si mzee wangu. Alibakisha, na zilikuwa zinamsaidia sana."

Sista alimtazama. "Zilikuwa zinamsaidia, na alikufa?"

"Alikufa na tumbo," yule bibi akasema, akishangaa mtu aliyesoma anavyoweza kuwa mzito. "Hizi zilikuwa za mgongo."

Sista hakucheka. Mimi nilitoka nje nikacheka nikishika nguzo ya zizi. Lakini kwetu kutupa kitu kizuri cha marehemu ni kumdharau. Koti lake lilivaliwa, jembe lake lililimiwa, na dawa zake zilimezwa na aliyezihitaji. Kwa hiyo Sista alianza kwenda kwenye kila msiba wa mtu mzima. Aliomba na watu, akala githeri yake yote, kisha akamnong'oneza mjane ampe mkebe kabla jamaa hawajagawana. Watu wakasema anakwenda kuziuza. Alisikia, akaendelea.

Kwa wasiojua kusoma aligundisha maganda matatu ya viberiti ya kutilia tembe, kwa ugali wa moto, akachora kwa kalamu jogoo kwenye la kwanza, sufuria kwenye la pili, na kitanda kwenye la tatu. Jogoo wake alifanana na kiatu. Hata hivyo bibi zetu walijua ni asubuhi, na walivibeba viberiti hivyo kwenye kiondo pamoja na Biblia.

Kulikuwa na msemo mmoja ambao hakuweza kuuvumilia: dawa ya moto ni moto. Mtu akiusema mbele yake aliweka kalamu chini. "Ni nani alikudanganya? Ukiona nyumba inaungua utaongeza paraffin?" Yeye alikuwa na wake, aliourudia mpaka tukauchoka: kabla ya kuuliza nimpe nini, uliza amekula nini. Walimu tuliutumia shuleni kwa utani, hata kwa watoto waliochelewa.

Nikimsifu hivi mtu atadhani alikuwa malaika. Aliwakataza wazee sukari, na chai yake alitia vijiko vinne, akikoroga upande ule ambao mgonjwa haoni. Alichoma sindano maelfu ya watu, lakini ilipokuja chanjo ya kipindupindu na yeye akatakiwa kuchanjwa, alifumba macho na kumshika mlinzi wa zahanati shati. Na aliwaogopa madaktari. Daktari akishuka kwenye gari, Sista alisimama mikono nyuma kama mtoto wa darasa la pili, na majibu yake yakawa "Yes, Doctor" tu. Yale aliyotaka kusema aliyaandika usiku kwenye barua, kwa adabu nyingi: "Nakuomba daktari, ukipata nafasi, umwangalie tena mama huyu, kwa maana naona tembe mbili hizi ni dada, kazi yao moja." Alijua sheria haimruhusu kufuta alichoandika daktari, naye hakuivunja. Aliizunguka kwa karatasi.

Sasa nieleze jambo la Jumanne, maana ndipo habari ya mama inapoanzia.

Jumatatu ilikuwa siku ya wagonjwa wa presha. Bibi walitoka kwenye kila mgongo wa kilima, wakashuka mtoni, wakapanda, wakakaa kwenye benchi mpaka saa saba. Presha zao zilikuwa juu kila Jumatatu, na daktari aliyekuja mara moja kwa mwezi aliongeza dawa. Halafu Jumanne walianguka. Mmoja aliangukia kati ya mistari ya kahawa, mwingine mlangoni pa zizi, mwingine alivunjika mkono akiinuka kutoka mekoni. Watu wakaanza kusema zahanati ina mkosi.

Sista aligundua sababu kanisani. Alikwenda kukaa kwenye viti vya kina bibi, ibada ikaendelea saa tatu nzima, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje. Wanawake wanane waliopewa tembe za maji, zile za kumfanya mtu akojoe ili presha ishuke, na hakuna aliyetoka! Baada ya ibada alimshika mmoja mkono.

"Cucu, ile ya maji ulikunywa leo?"

"Sista, na nyumba ya Mungu? Nitapitia watu wote nikienda choo?"

"Na Jumatatu, kwangu?"

Bibi akatazama chini. "Choo yenu ni moja, na iko mbele ya wanaume."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri. Jumapili hawakumeza kwa sababu ya kanisa, Jumatatu hawakumeza kwa sababu ya safari na benchi. Sista akawapima wakiwa hawana dawa mwilini, akaandika presha iko juu, daktari akaongeza. Na Jumanne, kwa uaminifu wao, walimeza ya leo pamoja na zile mbili walizoruka, kwani dawa ya daktari haipotezwi. Wakasimama, dunia ikazunguka, wakaanguka.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Sista alimwomba mlinzi achimbe choo cha pili nyuma ya jengo, akakizungushia magunia, na akawaagiza kina bibi wote wamfikie dawa zikiwa tumboni. Jumapili wakazimeza wakitoka kanisani. Kuanguka kukapungua. Lakini kwa mama mambo yalikuwa yamekwenda mbali zaidi, na hapo lawama ninagawana na kaka yangu.

Mama alikuwa mwanamke wa kujua. Alijua kila mti wa kahawa shambani kwake na kila ndama alizaliwa na nani. Baada ya daktari kumwongezea dawa ya presha alianza kuwa na kizunguzungu hata siku ambazo si Jumanne. Kaka, aliyekuwa akiuza mablanketi Nanyuki, alimchukua kwa daktari wa huko, naye akampa tembe za kizunguzungu. Baada ya miezi mitatu mikono ya mama ikatetemeka, chai ikawa inamwagika. Mimi nikampeleka Kiriaini kwenye kliniki, akapewa tembe za mtetemo. Baada ya hizo akaacha kulala, akawa anaona watu ukutani. Kaka akaleta tembe za usingizi. Kila mmoja wetu alileta dawa kwa mapenzi, na mama akazidi kwenda.

Akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Akamwaga maziwa kwenye majivu. Jioni moja alimwandalia baba chakula, na baba alikuwa na miaka tisa kaburini. Kinywa kilimkauka, alikaa mlangoni ameachama, macho hayamwangalii mtu. Kaka akaja akasema, "Mama amezeeka, ni kawaida. Nitampeleka Nanyuki akae na sisi, na hii kahawa tukodishe." Mimi nililia usiku ule wote, kwa sababu niliona anasema kweli.

Asubuhi yake nilimpeleka mama kwa Sista pamoja na mkebe. Nilitarajia atanipa pole. Badala yake aliuliza, "Ipi ilikuja kwanza?" Akazipanga tembe benchini kwa jinsi zilivyoingia nyumbani kwetu, moja nyuma ya nyingine, aina nane. Kwa kila moja aliuliza maswali mawili: kabla ya hii mama alikuwa na nini, na baada ya hii akawa na nini. Alipofika mwisho akaanza kuonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hii ilikuja kutoa kizunguzungu. Kizunguzungu ilitoka wapi? Kwa hizi za presha, dawa moja anameza mara mbili, majina tofauti tu. Hii ya kizunguzungu ndiyo ilileta mkono kutetemeka. Mkaleta ya mkono, na hiyo ndiyo inachezea kichwa yake. Hii ya usingizi inamalizia." Akaniangalia. "Mwalimu, mama yako hajarudi utoto. Mama yako amejaa dawa."

Nilitaka kumbusu miguu. Akanizuia kwa kiganja.

"Ngoja. Tukitoa, si bure. Presha inaweza kupanda, na ikipanda vibaya inaweza kumpiga siku moja. Sikufichi. Na hii si neno langu wala lako, ni yake. Asubuhi yeye huwa sawa?"

Nilimwambia alfajiri, kabla ya tembe za kwanza, mama huwa na nusu saa ya kujua. Basi kesho yake, kabla ya jogoo kumaliza, Sista alikuwa jikoni kwetu, amevaa gumboots. Alimweleza mama yote, polepole, mara mbili. Mama alimsikiliza akikuna goti.

"Mimi nilizaa watoto sita," mama akasema, "na kila mmoja nikampatia jina. Sitaki kufa nikiwauliza ni akina nani. Toa."

Kaka alipopata habari alikuja akiwa amewaka moto. "Dawa ya daktari inapunguzwa na nurse? Mtaua mama!" Sista hakujibizana naye. Alisema tu, "Itapunguzwa na daktari. Mimi naandika barua." Na akaandika, kurasa mbili, na orodha ya tembe zote kwa mpangilio wao. Tuliipeleka mjini, mama, mimi na mkebe. Daktari aliisoma, akarudi mwanzo akaisoma tena, akauliza nani ameiandika. Kisha akachukua kalamu, akafuta tatu siku hiyo hiyo na kutuandikia jinsi ya kushuka na nyingine, robo kwa robo, kwa wiki nyingi.

Kushuka huko kulikuwa kwa taratibu kwa sababu Sista alikuwa na jeraha lake, alilonisimulia mwenyewe. Miaka ya nyuma alihubiri barazani kwamba dawa zimezidi, na mzee mmoja aliyempenda sana alirudi nyumbani akamwaga zote chooni, pamoja na ya moyo. Baada ya wiki mbili miguu ilifura, akabebwa kwa kitanda, akafa njiani. Sista alikwenda kwenye msiba ule akakaa nyuma kabisa na hakumwomba mtu mkebe. Tangu siku ile kila alipotamka neno kupunguza aliongeza, "Na kupunguza si kuacha." Kuna waliomcheka kwa kurudia-rudia. Mimi sikumcheka tena.

Wiki za kwanza mama alikuwa mbaya zaidi. Hakulala, alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua, alinirushia kikombe. Usiku wa kumi na moja nilishindwa, nikampa tembe nzima ya usingizi kimya kimya. Sista alipokuja Jumatatu jioni alimwaga tembe kiganjani, akazitazama, akanitazama. "Moja imeenda," akasema. Nilikana. Nilikuwa mwalimu wa watoto arobaini, na nilidanganya kama mwenye kuiba sukari. Hakunigombeza. Alisema, "Leo mimi nitalala hapa, wewe ulale." Na akalala kwetu usiku wa siku mbili, kwenye kiti, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya sana.

Halafu, asubuhi moja ya mvua ndogo, nilikuwa nafagia uani nikasikia mama anapiga kelele shambani. Nilikimbia nikijua ameanguka. Alikuwa amesimama wima katikati ya kahawa, fimbo hewani.

"Nani alikata hii kahawa hivi? Ni wewe? Ati mwalimu! Hata mwizi hanyolewi namna hii!"

Kisha akaniita kwa jina langu, lote, na la ubatizo. Nilikaa chini kwenye matope.

Alikaa nasi miaka mitano. Halafu Jumamosi moja, akichambua maharagwe, mdomo ulipinda upande mmoja, mkono ukaanguka, na siku ya tatu akafariki. Presha ilimpiga, kama tulivyoambiwa inaweza. Kaka alinigeukia kaburini, mbele ya watu, akasema, "Mlimnyima mama dawa, sasa mmeridhika?" Sista wakati huo alikuwa amestaafu na kuhamia upande wa Murang'a, na habari hazikumfikia. Nilibaki na lile swali peke yangu. Nilipika nalo, nikasahihisha madaftari nalo.

Baada ya miaka kama saba hivi nilikwenda Kiriaini siku ya soko kutafuta mbegu za viazi, nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha duka la nguo, amepungua, miguu mipana ile ile ndani ya makubadhi. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu wa chaki! Mama hajambo?"

Nikamwambia. Akauliza ilikuwaje, nikamweleza mdomo, mkono, siku tatu. Halafu lile swali likatoka lenyewe, pale pale, watu wakipita na makabichi.

"Sista, ni sisi tulimuua? Kama tungeziacha zile dawa zote ziendelee, angekuwa hai?"

Nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa miaka saba. Yeye alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya ungo wa tembe.

"Sijui," akasema. "Labda angeongeza miaka. Labda hangefika hata hiyo mitano, angeanguka akavunjika. Mtu akikuambia anajua, huyo anakudanganya."

Akavuta kigoda karibu.

"Sasa na mimi nikuulize. Hiyo miaka mitano, pale nyumbani, ulikuwa unaishi na nani?"

"Na mama," nikasema.

Nililia kwenye kibaraza cha watu, mwanamke wa miaka hamsini na mfuko wa mbegu miguuni, na sikuona aibu. Sista alinishika mkono, nikadhani ananifariji. Kumbe vidole viwili vimekaa kwenye mshipa, na midomo yake inahesabu.

"Inakimbia sana," akasema. "Kaa kidogo, uniambie alikuwa anaongea nini."

Nikakaa, nikaanza na ile kahawa niliyoinyoa vibaya.